Mazoezi ya Moyo Ukiwa Ndani: Namna ya Kupanga Dakika 30 Zisikuchoshe Akili

Mvua za vuli zikishashika kasi Mwanza, njia za vilimani Isamilo, Bugando na Mabatini huwa utelezi mtupu, na waliozoea kutembea alfajiri kando ya ziwa pale Capri Point hurudi ndani. Ndipo lalamiko moja huanza kusikika kwenye meza za kupimia presha na sukari, hasa katika Wiki ya Magonjwa Yasiyoambukiza ya kila Novemba: "Nilianza mazoezi nyumbani nikaacha, yananichosha akili." Wanaosema hivyo walishauriwa na daktari, wakakubali, wakanunua raba, na wengine wakanunua hadi mashine ya kukimbilia. Nia wanayo. Walichokosa ni mpangilio wa kipindi cha mazoezi, na makala hii inahusu mpangilio huo.

Kiwango kinafahamika: kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020, mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Jumamosi ya pili ya kila mwezi, iliyotengwa kwa mazoezi katika kampeni ya kitaifa iliyozinduliwa Desemba 2016 na Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, ni siku moja tu. Haifidii wiki tatu za kukaa.

Kwanza jua kinachokuchosha

Ukitembea nje, mwili unapata habari mpya kila hatua: mteremko, jiwe, bodaboda ya kukwepa, jirani wa kusalimia. Chumbani vyote hivyo havipo. Kinachobadilika ni saa peke yake, kwa hiyo akili inaikodolea macho, na dakika moja inakuwa ndefu. Anayejiambia "nitaruka dakika 30" na kisha kuitazama saa ya ukutani tangu dakika ya kwanza amejipa kazi moja tu, nayo ni kusubiri.

Lakini si kila anayesema amechoka akili amechoka akili. Wengi huanza kwa kasi kubwa mno, wanahema vibaya ifikapo dakika ya nne, wanatamani kuacha, na wanaiita hali hiyo kuchoshwa. Kipimo chake ni rahisi. Sema kwa sauti sentensi ndefu, kwa mfano utaje vituo vya daladala kutoka Buhongwa hadi mjini. Ukishindwa kuimaliza bila kukatisha pumzi, tatizo ni kasi, na dawa yake ni kupunguza. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, uko kwenye kiwango cha wastani kinachotakiwa. Ukiweza kuimba ubeti mzima, zoezi ni jepesi mno, na hapo kuchoka akili ni kwa kweli.

Tofauti hii ndiyo inayoamua kama muziki utakusaidia. Katika kasi ya wastani muziki hupunguza hisia ya uchovu na kukuondoa kwenye saa. Katika kasi kali haupunguzi sana hisia hiyo, kwa sababu mapafu na misuli vinapeleka ishara nzito kuliko spika yoyote. Anayeongeza sauti ili avumilie kasi asiyoiweza anaumiza masikio yake na ya majirani bila faida. Katika vipande vikali, hesabu pumzi: vuta hatua mbili, toa hatua mbili. Muziki uache kwa vipande vya wastani.

Kipindi chenyewe

Gawanya dakika 30 katika sehemu sita za dakika tano, kila sehemu na kazi yake. Geuza saa itazame ukuta, na uweke kengele ya simu ilie kila baada ya dakika tano. Tangu hapo unamaliza kazi, husubiri saa.

Dakika tano za mwanzo ni za kupasha mwili: tembea papo hapo taratibu, zungusha mabega, inua visigino. Usizikate. Anayezikata ndiye anayehema dakika ya nne.

Sehemu ya pili ni ya kupanda na kushuka. Tofali la saruji la inchi 6 likilazwa ubavu lina kimo cha sentimita 15 hivi, na hicho kinatosha. Weka mawili yakiwa yamebanana ili mguu wote upate pa kukanyaga, juu ya sakafu ya saruji isiyo na vigae. Juu ya vigae tofali huteleza, na juu ya mkeka huteleza zaidi. Mzunguko mmoja ni hatua nne: panda kulia, panda kushoto, shuka kulia, shuka kushoto. Anayeanza afanye mizunguko 20 kwa dakika, aliyezoea 24. Kila dakika badilisha mguu unaotangulia, kwa sababu mguu mmoja ukitangulia dakika zote tano, goti la upande huo litalalamika kesho yake. Kanyaga kwa unyayo mzima. Kisigino kikining'inia nje ya tofali, kifundo ndicho kinachobeba mzigo.

Sehemu ya tatu ni ngumi hewani huku unatembea papo hapo: sekunde 20 za haraka, 40 za taratibu, mara tano. Usinyooshe kiwiko mpaka mwisho, utaumiza kiungo. Sehemu ya nne ni hatua za pembeni kutoka ukuta hadi ukuta. Hesabu mara ngapi umegusa ukuta na andika namba hiyo, ndiyo utakayoshindana nayo kipindi kijacho. Sehemu ya tano ni kutembea papo hapo kwa hatua 100 kwa dakika, magoti yakipanda. Huhitaji kifaa cha kupimia: hesabu hatua kwa sekunde 15, zikifika 25 uko sawa. Dakika tano za mwisho ni za kupoza mwili na kunyoosha misuli ya vigimbi na mapaja.

Wengi watashangaa kuona kazi nzito imewekwa mwanzoni. Imewekwa hapo kwa makusudi. Kumbukumbu ya kipindi hubebwa zaidi na namna kilivyoisha, na kipindi kinachoanza juu kikashuka huacha hamu ya kurudi kuliko kinachopanda hadi mwisho. Kama mazoea yako ni "kumalizia kwa nguvu", jaribu kugeuza mpangilio kabla hujaamua kwamba mazoezi ya ndani hayakufai.

Usirudie mpangilio uleule wiki nzima. Siku moja ondoa tofali uweke kamba. Kamba yenye urefu sahihi ukiikanyaga katikati, mishikio yake hufika kwapani. Ruka kimo cha sentimita 2 au 3 tu, sekunde 20 kisha pumzika 40, ukiwa na raba, na kwanza angalia juu: chumba chenye feni ya dari si mahali pa kurukia kamba.

Kuhusu nyimbo, chagua kwa mwendo wake, si kwa umaarufu. Nyimbo za mapigo 100 hadi 130 kwa dakika hulingana na hatua za wastani, na bongo fleva nyingi zimo humo. Singeli ni ya kasi zaidi. Ikifika mapigo 200, piga hatua moja kwa kila mapigo mawili na utakuwa kwenye 100 zako. Anayejaribu kuifuata pigo kwa pigo hujikwaa. Ngoma ya bugobogobo, kwa waliokulia Usukumani, inafaa kuliko vyote: ina mguu, mkono na kiuno kwa pamoja, na ilitengenezwa kusukuma kazi ya jembe isiyokwisha upesi. Tumia fimbo ya ufagio badala ya jembe, tafadhali, na watoto wakae mbali.

Familia ikiwa nyumbani, igawe pande mbili kama zinavyoshindana Bagika na Bagalu, pande mbili za ngoma za Wasukuma: upande mmoja unaita zoezi, mwingine unalifanya, mnabadilishana kengele ikilia. Kwa anayefanya peke yake, tamthilia anayoipenda iwe ya wakati wa mazoezi tu, akikaa kwenye kochi anaizima. Mpira nao unafaa: tembea papo hapo muda wote mpira ukichezwa, ukitoka nje panda tofali hadi urushwe. Kipindi kimoja cha dakika 45 kinatosha siku hiyo.

Lipo na jambo la safari ya kufikirika, unayoipiga chumbani kwa kuhesabu hatua. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi lina urefu wa takriban kilomita 3. Kwa hatua ya sentimita 70 ni hatua 4,300 hivi, yaani dakika 43 kwa mwendo wa hatua 100. Vuka daraja kwa vipindi viwili, uweke alama kwenye ramani ukutani, halafu anza safari ya Mwanza hadi Musoma, takriban kilomita 220. Ukifanya kilomita 3 kwa siku, siku tano kwa wiki, utafika baada ya wiki 15 hivi. Hatua za papo hapo hazilingani kamili na za barabarani, lakini hesabu inakupa mahali pa kufika, na saa haiwezi kukupa hicho.

Tunayoomba yaachwe

Kuvaa mfuko wa nailoni au koti zito ili "kutoa mafuta". Jasho ni maji na chumvi. Uzito unaopungua kwa jasho unarudi ukinywa maji, na joto la mwili linaweza kupanda hadi hatari. Hili limeshasemwa sana na bado mifuko inavaliwa. Kufanya mazoezi ya tumbo peke yake ili kuondoa kitambi: mafuta hayaondoki mahali unapopachezesha tu. Na kusubiri hadi upate pesa ya mashine: tofali mbili hufanya kazi ileile ya moyo.

Kuleta jiko la mkaa ndani kwa sababu ya mvua, kisha kufanya mazoezi chumba hichohicho, ni hatari ya kifo. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu, na anayehema kwa nguvu huivuta kwa wingi zaidi. Walio karibu na ufukwe hufunga madirisha jioni kwa sababu ya wadudu wa ziwani. Afadhali wavu dirishani, au mazoezi ya asubuhi.

Wenye mashine ya kukimbilia, fungeni kamba ya ufunguo wa usalama kwenye nguo. Ukiteleza, kamba inavuta ufunguo na mkanda unasimama kabla haujakuburuta. Umeme ukikatika nao mkanda husimama ghafla, kwa hiyo mwendo wa kukimbia uwe ule ambao unaweza kushika mishikio mara moja. Badilisheni mwinuko kila dakika mbili kati ya asilimia 1 na 5 badala ya kuongeza kasi. Mwili unapata kazi mpya na magoti yanapona.

Utaratibu wa upimaji kabla ya kuanza

Mwenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo, au aliyekaa muda mrefu bila mazoezi apime presha kwanza. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kuipishanisha, mkono mezani usawa wa moyo, mkanda ukiwa juu ya ngozi na si juu ya shati. Nusu saa kabla, usivute sigara, usinywe kahawa, na kojoa kwanza. Pima mara mbili kwa nafasi ya dakika moja na uandike zote mbili. Ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, hakuna mazoezi siku hiyo, nenda kituo cha afya. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari sana apime sukari: ikiwa chini ya milimoli 5.0 kwa lita, ale kwanza gramu 15 za wanga, mfano ndizi moja mbivu ndogo. Zaidi ya 13.9 na anajisikia vibaya, aahirishe.

Wanaohesabu mapigo ya moyo: toa umri wako katika 220, kisha chukua asilimia 64 hadi 76. Mwenye miaka 45 atabaki kati ya 112 na 133. Anayetumia atenolol, propranolol au carvedilol asitumie hesabu hii, dawa hizo hushusha mapigo. Atumie kipimo cha kuzungumza.

Kuhusu sauti, malalamiko yameongezeka kwenye nyumba za kupanga zenye kuta za pamoja na jimu za mitaani. Kelele zinasimamiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za kelele na mitetemo za mwaka 2015. Jirani anayesumbuliwa huanza kwa mtendaji wa mtaa, kisha afisa mazingira wa halmashauri, kisha Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Mhusika anaweza kutozwa faini, kufungiwa eneo, au kufikishwa mahakamani, na kutokujua kanuni si utetezi. Spika ya simu iliyowekwa kwenye bakuli tupu inatosha kwa chumba kimoja. Anayeruka kamba ghorofani aruke mchana.

Acha mara moja ukihisi kifua kubana, maumivu yakienda mkononi au tayani, kizunguzungu, au pumzi isiyorudi baada ya dakika chache za kupumzika. Kaa chini, ita mtu, na mwende hospitali hata kama maumivu yamepoa njiani.