Eti mgeni anakula kazi ya mwenyeji

Wengi huamini nchi ina idadi maalumu ya kazi, hivyo mgeni akipata moja mwenyeji ameikosa. Si kweli. Mgeni naye hupanga nyumba, hununua unga, hufungua duka na kuajiri watu.

Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Biashara zao ziligawiwa, lakini uzalishaji wa sukari ukaporomoka na bidhaa zikaadimika madukani. Halmashauri ya Leicester, Uingereza, ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda kuwaomba wasiende huko. Maelfu walikwenda. Mwanzoni nyumba na shule zilibanwa kweli, ila leo barabara ya Belgrave Road mjini humo imejaa maduka ya sari, vito na vyakula. Miaka ya 1990 serikali ya Museveni iliwaalika warudi na kuwarejeshea mali zao.