Fuata Njia ya Moto: Kugeuza Kifaru cha Hadithi za Sayansi Kiwe cha Mvuke

Kila ninapotoa kifaru kipya cha plastiki, yaani modeli ndogo ya gari la kivita, kwenye boksi, kisu kinakaa kando kwanza. Nakiweka kifaru mezani, nakizungusha polepole, na kujiuliza maswali mawili: makaa yataingilia wapi, na moshi utatokea wapi? Nikishapata majibu, iliyobaki ni kazi ya mikono tu. Nisipoyapata, hata nikibandika gia mia moja, kitabaki kuwa kifaru cha karne zijazo kilichovishwa shaba.

Sisi tunaocheza vita vya mezani vya enzi ya Malkia Victoria, yaani 1837 hadi 1901, wengi tunaanzia kwenye vifaru vya hadithi za sayansi kwa sababu kazi ngumu imeshafanywa: minyororo ipo, bodi lipo, mnara unazunguka. Mimi huchagua vyenye bodi la pembepembe kama sanduku, minyororo ikizunguka ubavu mzima. Vile vinavyoelea hewani naviacha. Skeli yangu ni 1:56, inayoendana na askari wa milimita 28, na vipimo nitakavyotaja ni vya skeli hiyo.

Historia yenyewe inatupa pa kushika. Mwaka 1855, vita vya Crimea vikiendelea, Mwingereza James Cowen alipendekeza gari la kivita la mvuke lenye gamba la chuma mfano wa bakuli lililopinduliwa, mizinga ikichungulia kwenye matundu na mapanga yakitokeza pembeni. Serikali ililikataa. Mwaka 1900 kampuni ya John Fowler ya Leeds iliunda injini za mvuke za barabarani zilizofunikwa mabamba ya chuma, zikapelekwa vitani Afrika Kusini kuvuta mabehewa yenye kinga. Na mwaka 1901, mwaka aliofariki Malkia, Alvin Lombard wa Marekani alipata hataza ya injini ya mvuke ya kuvuta magogo iliyotembea kwa minyororo. Kwa hiyo mchezaji mwenzako akikuambia mvuke na minyororo havikuwahi kukutana, mtajie Lombard.

Sasa turudi kwenye moto, maana hapa ndipo modeli nyingi zinapoharibika.

Kwenye injini ya barabarani ya wakati ule, tanuru liko nyuma, na hapo ndipo mchochea moto anapotupia makaa. Moshi haupandi moja kwa moja. Unapita ndani ya mirija mingi iliyozungukwa na maji, unayachemsha njiani, mpaka ufike mbele kwenye chumba cha moshi. Juu ya chumba hicho ndipo dohani inaposimama. Mvuke nao, ukishaisukuma pistoni, hutupwa ndani ya dohani ileile, na kasi yake huvuta hewa kupita kwenye tanuru, moto ukazidi kuwaka. Ule mlio wa kupumua unaousikia injini ikitembea ndio huo. Kadiri mzigo unavyokuwa mzito, ndivyo injini inavyojipulizia moto wake yenyewe. Mimi naona huu ni uzuri wa ajabu, na ningependa uonekane hata kwenye kitu cha plastiki chenye urefu wa kiganja.

Maana yake kwenye modeli ni hii: tanuru na dohani hukaa pande mbili tofauti za boila, lile pipa la kuchemshia maji. Kifaru changu cha kwanza nilikiwekea dohani nyuma, juu kabisa ya mlango wa makaa, kwa sababu hapo palikuwa na nafasi. Mwenzangu wa mchezo alikitazama kwa muda, kisha akauliza, "Huyu mchochea moto anasimama wapi?" Hakukuwa na mahali. Niliing'oa dohani, ikatoka na kipande cha paa kwa ukali wa gundi, na nikaijenga upya nusu nzima ya nyuma.

Vipimo basi. Boila yenye kipenyo cha sentimita 90 inakuwa milimita 16 kwenye skeli yetu. Bomba lolote la plastiki la unene huo linafaa. Dohani ya sentimita 30 ni milimita 5 na kidogo, na mdomoni iwekee pete ili ipanuke. Gurudumu zito la pembeni, lile linalotunza mwendo wa injini, liwe karibu milimita 25. Nyuma ya tanuru acha angalau milimita 20 wazi. Mtu anayerusha makaa kwa koleo anahitaji nafasi ya kurudisha mkono nyuma, na jicho la mtazamaji linaijua nafasi hiyo hata kabla hajaifikiria.

Maji husahaulika kuliko makaa, ilhali njiani ndiyo yaliyokuwa yakiisha kwanza. Injini za barabarani zilibeba mpira mrefu wa kufyonzea maji kutoka mtoni au bwawani. Chukua waya laini, uzungushie kalamu mara nne au tano, uchomoe, ubandike ubavuni. Kitu kidogo hiki kinasema mengi kuliko gia zote. Gia nazo, tafadhali: kila moja iwe imeshikana na nyingine, na ya mwisho iwe inazungusha kitu.

Kuondoa vya zamani ni kazi ya saa moja. Antena, makombora, taa, vioo vya kuonea na matundu ya injini ya kisasa vyote vinaondoka. Mashimo yanazibwa kwa putii na kupigwa msasa. Mistari ya kulehemu iliyochongwa kwenye plastiki ifute kabisa, kwa sababu mabamba ya wakati ule yaliungwa kwa ribiti, yaani pini za chuma zenye vichwa vya mviringo.

Na ribiti ndizo zinazokula usiku wako. Nimejaribu matone ya gundi nyeupe kwa ncha ya kijiti: yanasinyaa yakikauka, unalazimika kurudia, na hayalingani. Nimejaribu kukata vipande vya fimbo nyembamba ya plastiki, kimoja kimoja: vinapendeza sana, lakini kwa kifaru kizima ni wiki mbili. Ninachofanya siku hizi ni hiki. Natandika karatasi ya grafu ya milimita 2 juu ya shiti ya plastiki yenye unene wa milimita 0.25, chini yake naweka kadibodi laini, halafu nabonyeza kwa ncha ya bikari isiyochongoka sana, mraba kwa mraba, nikifuata ukingo. Usitoboe, bonyeza mpaka uhisi plastiki imekubali tu. Ukiigeuza, upande wa pili una mstari wa vinundu vilivyopangika kama ushanga. Nakata ukanda huo na kuubandika juu ya maungio ya mabamba, maana hata kwenye boila halisi kulikuwa na bamba lililolala juu ya jingine. Ribiti zikitawanywa katikati ya bamba bila kushika chochote zinaonekana kama upele.

Kama unataka kinga ionekane nzito, tazama meli ya kivita Warrior ya mwaka 1860: chuma cha milimita 114 kilichoegemezwa kwenye mbao za msaji za milimita 457. Kwenye ukingo wa mlango wa kifaru naonyesha tabaka mbili, chuma nje na mbao ndani. Ni mstari mmoja wa rangi ya kahawia, na mlango mzima unapata uzito.

Silaha zifuate mwaka wa vita yako. Kwa bunduki za kufyatua risasi mfululizo, Gatling ina hataza ya 1862, Maxim ni ya 1884. Ukipanga vita ya 1879, Maxim haina nafasi mezani. Mizinga ya kujaziwa mdomoni naiepuka ndani ya mnara, kwani mtu angelazimika kutoka nje kuijaza huku akipigwa risasi.

Kwenye rangi nina msimamo. Shaba ya njano iwe kidogo: geji, firimbi, vali ya usalama, pete ya dohani. Bodi naipaka kijani kibichi kilichoiva, magurudumu mekundu, na chumba cha moshi cheusi kisichong'aa, kwa sababu joto la pale halivumilii rangi ya urembo. Chini ya vali ya usalama nashusha michirizi myeupe ya chokaa ya maji. Kwenye mikono ya injini naweka weusi unaong'aa, wa mafuta.

Mezani nina kanuni moja ninayoipenda kuliko zote, nayo imetoka kwenye boila yenyewe. Paa la tanuru lazima lifunikwe na maji wakati wote. Injini ikiinamisha pua mteremkoni, maji hukimbilia mbele na paa hubaki kavu juu ya moto. Ndiyo maana waliweka pale kizibo chenye risasi ndani yake, ile metali laini inayoyeyuka upesi: paa likizidi joto, risasi inayeyuka, na mvuke unamwagika kuupunguza moto kabla boila haijapasuka. Kwa hiyo kifaru changu kikishuka mteremko mkali kwa zamu mbili mfululizo, narusha dadu. Ikitoka moja, kizibo kimeyeyuka. Kifaru kinasimama hapo hapo kwa muda wote uliobaki wa vita, mzinga wake bado unaweza kupiga, na yule mchochea moto mdogo niliyempa milimita 20 za kusimama namtoa, namweka nyasini kando ya minyororo, koleo mkononi.