Nextcloud inapokataa kuamka baada ya kupandishwa toleo

Kazi yangu ni kutunza seva za ofisi ndogo zilizoamua kuhifadhi mafaili yao zenyewe, na programu ninayokutana nayo kuliko nyingine zote ni Nextcloud, ile iliyochipuka kutoka ownCloud mwaka 2016 baada ya mwanzilishi wake, Frank Karlitschek, kwenda njia yake. Kuisakinisha si kazi kubwa. Wanaonipigia simu kwa wasiwasi ni wale ambao seva yao imefanya kazi mwaka mzima bila tatizo, kisha mtu akaamua kupandisha toleo jioni moja, na asubuhi kila anayefungua kivinjari anakuta ujumbe wa kosa.

Kabla ya kugusa chochote, inafaa kukumbuka kwamba kinachoitwa Nextcloud ni vitu vitatu vinavyopaswa kukubaliana: msimbo wenyewe, ambao kwa kawaida unakaa katika /var/www/nextcloud, hifadhidata, ambayo kwa wengi ni MariaDB au PostgreSQL, na folda ya data yenye mafaili ya watumiaji. Faili la config/config.php ndilo linaloviunganisha. Humo mna nambari ya toleo ambalo hifadhidata ilifikishwa mara ya mwisho, na ndani ya msimbo mna faili la version.php lenye nambari ya toleo la msimbo huo. Programu inazilinganisha nambari hizo mbili kila inapoamka. Ya msimbo ikiwa juu, inadai ipandishwe. Ikiwa chini, inakataa kabisa kuendelea, kwa sababu kushusha toleo hakukubaliwi.

Ndiyo maana mtu anayerudisha msimbo wa zamani peke yake baada ya kupandisha kukwama huongeza tatizo la pili juu ya la kwanza, kwani hifadhidata huenda imekwisha kubadilishwa. Kisasishi cha Nextcloud kinatengeneza nakala rudufu ya msimbo tu. Nakala ya hifadhidata ni juu yako, na kwa MariaDB natumia mysqldump pamoja na --single-transaction, baada ya kuwasha hali ya matengenezo.

Kisa kilichonifundisha mengi kilitokea katika ofisi ya wapimaji ardhi. Seva yao ilikuwa Ubuntu 22.04 yenye PHP 8.1 (PHP ndiyo lugha ambayo Nextcloud imeandikwa kwayo), na Nextcloud yao ilikuwa toleo la 27. Ijumaa jioni kijana wao wa kompyuta aliendesha do-release-upgrade, akaupeleka mfumo mzima hadi Ubuntu 24.04, ambao PHP yake ni 8.3. Nextcloud 27 haiendi zaidi ya PHP 8.2, na toleo la kwanza kuikubali 8.3 ni la 28. Ukurasa ukasema hivyo waziwazi, lakini kijana, kwa nia njema, akapakua Nextcloud 30 na kuimwaga juu ya folda ya zamani. Ujumbe wa kwanza ukatoweka, ukaja mwingine: huwezi kuruka matoleo makubwa. Kutoka 27 lazima upite 28, kisha 29, ndipo ufike 30.

Kwa bahati, kule kukataa ndiko kulikotuokoa. Programu ilipogoma, ilikuwa haijagusa hifadhidata, na config.php ilikuwa bado inasoma 27. Nilihamisha pembeni ile folda iliyochanganyika, nikafungua upya msimbo safi wa tawi la 27, nikarudishia humo folda ya config pamoja na programu-jalizi walizokuwa wamejiongezea. Kumwaga msimbo mpya juu ya wa zamani ni kosa hata pale matoleo yanapofuatana, kwa kuwa mafaili yaliyoondolewa katika toleo jipya yanabaki palepale, nayo baadaye yanaleta malalamiko kwenye ukaguzi wa uhalisi wa msimbo.

Ilibaki PHP. Hazina ya vifurushi ya Ondřej Surý inaruhusu matoleo kadhaa ya PHP kukaa kwenye mashine moja, hivyo niliweka 8.2 kando ya 8.3, pamoja na moduli zake za mysql, gd, mbstring, xml, zip, curl, intl, gmp na bcmath. Hapa wengi hukwama: moduli zilizowekwa kwa ajili ya toleo moja la PHP hazihesabiki kwa lingine, kwa hiyo kila toleo linataka seti yake. Kisha nikazima php8.3 katika Apache, seva ya wavuti, kwa a2dismod, nikawasha php8.2 kwa a2enmod, na kuanzisha Apache upya. Ukurasa wa kuingia ukarudi ukiwa na toleo la 27 kama ulivyokuwa Ijumaa mchana.

Kuanzia hapo tulikwenda ngazi kwa ngazi. Kila mara nilianza kwa kumalizia masasisho madogo ya tawi lililopo, ndipo nikapanda tawi linalofuata kwa sudo -u www-data php8.2 updater/updater.phar (baada ya 28, kwa php8.3), na mwishoni mwa kila ngazi nikaendesha occ status (occ ni amri ya Nextcloud ya kwenye terminali) ili kuona nambari kwa macho. Amri ya occ inataka iendeshwe na mtumiaji anayemiliki config.php, ambaye kwenye Debian na Ubuntu ni www-data. Ukiiendesha kama root, mtumiaji mkuu wa mfumo, inakukatalia, na ni vizuri kwamba inakataa, maana mafaili yangebaki mikononi mwa root na seva ya wavuti isingeweza kuyaandika.

Jambo lingine linalowachanganya hata wazoefu ni kwamba PHP ya terminali na PHP ya wavuti zina mafaili tofauti ya mipangilio. Unaweza kuongeza memory_limit hadi 512M katika /etc/php/8.2/cli/php.ini, ukashangaa kwa nini kivinjari kinaendelea kulalamika, kumbe Apache inasoma folda ya apache2 na FPM, njia nyingine ya kuendesha PHP ya wavuti, inasoma folda ya fpm. Kinyume chake hutokea kwa APCu, akiba ya muda ya PHP kwenye kumbukumbu: wavuti inafanya kazi vizuri, lakini occ inadai kwamba akiba hiyo haipatikani, hadi uandike apc.enable_cli=1 upande wa cli.

Tulipokuwa tunakwenda 29, umeme ulikatika. Seva ilikuwa na betri ya akiba, ila ruta haikuwa nayo. Kama ningekuwa nimeendesha kisasishi moja kwa moja kwenye SSH, yaani muunganisho wa mbali, kingekufa pamoja na muunganisho. Kilikuwa ndani ya tmux, programu inayobaki hai kwenye seva hata muunganisho ukikatika, kikaendelea bila mimi. Kisipokuwa na bahati hiyo, kisasishi hubaki kinadai kwamba hatua fulani bado inaendelea. Hakikisha kwanza kwamba hakuna mchakato unaoendesha, kisha futa faili dogo liitwalo .step lililo ndani ya folda inayoanza na updater- katika data, na uanze tena.

Kosa ninaloliogopa kuliko yote halihusu toleo. Baada ya seva kuwashwa upya, Nextcloud yaweza kusema kwamba folda ya data si halali kwa kuwa faili la .ocdata, ambalo matoleo mapya yanaliita .ncdata, halipo. Wengi wanaona suluhisho ni kuliunda kwa touch. Tafadhali usifanye hivyo kabla ya kuangalia findmnt, amri inayoonyesha diski zilizopachikwa. Mara nyingi diski ya nje haijapachikwa, na unachokitazama ni folda tupu iliyokuwa chini yake. Ukiunda faili hilo humo, programu itaamini kwamba folda tupu ndiyo data, na kompyuta zilizounganishwa zinaweza kuelewa kwamba mafaili yamefutwa, zikaanza kufuta nakala zake. Andika diski kwenye /etc/fstab kwa UUID, kitambulisho chake cha kipekee, na uieleze systemd, inayoanzisha huduma za mfumo, kwa RequiresMountsFor kwamba Apache isianze kabla njia hiyo haijapatikana.

Diski hizo zikinunuliwa dukani huja zikiwa na NTFS au exFAT. Unaandika chown mara tatu na umiliki haubadiliki, kwa sababu mfumo huo wa mafaili, ukipachikwa kwa kawaida, hauhifadhi umiliki wa Linux. Ama uipachike kwa uid=33, gid=33 (nambari za www-data) na umask=0007, ama, ninavyopendelea mimi, uhamishe vilivyomo na kuiumbiza kwa ext4.

Kwa wapimaji ardhi, tulipofika 28 nilirudisha Apache kwenye PHP 8.3, tukamaliza 29 na 30 kwa hiyo, kisha nikaendesha occ db:add-missing-indices, ambayo watu huisahau na baadaye kulalamika kwamba mfumo umekuwa mzito. Kijana akauliza kama sasa anaweza kuondoa PHP 8.2. Nilimwomba kwanza afungue ratiba ya kazi za seva kwa crontab -u www-data -e. Mstari unaoendesha cron.php kila dakika tano ulikuwa bado unaita php8.2, kama nilivyouandika mwenyewe siku ya kwanza ya ukarabati. Aliubadilisha, tukasubiri dakika tano, na ukurasa wa mipangilio ukaonyesha kwamba kazi za chinichini zilikuwa zimeendeshwa sekunde chache zilizopita.