Mchezo ulioambiwa "lipa" ukasikia "pa"

Mpwa wangu alikuwa amefika Namawojjolo. Amekula kuku wa kuchoma, hajalipa, na muuzaji kasimama kwenye dirisha la taksi anasubiri pesa yake. Akaandika amri:

    lilipe deni

Mchezo ukamjibu: "Unampa nani?"

"Mjomba," akasema bila kuinua macho, "huyu mtu wako hajui Kiswahili."

Alisema kweli. Namawojjolo hiyo imo ndani ya kompyuta yangu, na mtu mwenyewe ni programu niliyoiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, jioni baada ya kazi. Ni mchezo wa maandishi matupu, hauna picha hata moja. Kompyuta inakueleza uko wapi na unaona nini, wewe unaandika unachotaka kufanya, nayo inakujibu. Wangu unaanzia mpakani Busia ukiwa na gunia la mukene (dagaa), na unatakiwa ulifikishe Kampala kupitia Bugiri, Iganga, Jinja, Njeru, msitu wa Mabira, Lugazi, Namawojjolo na Mukono. Mimi ni mtoto wa Busia, kwa hiyo orodha hiyo ya miji niliiandika bila kumuuliza mtu.

Niliamua uwe wa Kiswahili kwa sababu mpwa wangu yuko S2 (kidato cha pili) na anakisoma shuleni. Ni lugha rasmi ya pili hapa Uganda tangu Katiba iliporekebishwa 2005, lakini kwao Mukono nyumbani ni Luganda tu, na Kiswahili anakisikia kwa madereva wa malori. Nikadhani kazi itakuwa nyepesi: nichukue muundo wa michezo ya zamani, nibadilishe maneno, basi. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Mchezo wa kwanza maarufu wa aina hii uliandikwa Marekani na Will Crowther katikati ya miaka ya 1970. Alikuwa mpenzi wa kutembea mapangoni, akaweka pango alilolijua ndani ya kompyuta. Don Woods akaupanua 1977. Mchezaji aliandika neno moja au mawili, kitendo na kitu, na programu ilisoma herufi tano za mwanzo za kila neno, zinazobaki ikaziacha. Kwa Kiingereza inatosha, kwa kuwa mzizi wa neno huwa mwanzoni. Sasa chukua neno letu "nitafungua" ulikate herufi tano: "nitaf". Umebaki na mtu na wakati, kitendo chenyewe kimekatwa kikatupwa. Kiswahili huficha kitendo katikati, kama mbegu ya embe.

Mchezaji wangu basi anaweza kuandika "fungua mlango", au "ufungue mlango", au "kifungue kisanduku". Zote ni amri halali, na ya pili na ya tatu ndizo mtu huandika bila kufikiri. Nikaandika kipande cha msimbo cha kumenya neno mpaka shina. (Kazini tunauita kodi, ila nyumbani nimeacha. Mama akisikia "kodi ina matatizo" anadhani mwenye nyumba amekuja.)

    def shina(neno):
        if neno in vitenzi:
            return neno
        for k in ["ki", "vi", "li", "ya", "zi", "wa", "i", "u", "m"]:
            if neno.startswith(k):
                neno = neno.lstrip(k)
                break
        if neno.endswith("e"):
            neno = neno[:-1] + "a"
        return neno

Yaani: kama neno limo tayari kwenye kamusi ya vitenzi, lirudishe lilivyo. Kama halimo, ondoa kiambishi cha mwanzo, kisha "e" ya mwisho igeuze "a". Nilijaribu "kifungue", ikatoa "fungua". "Kisome", ikatoa "soma". "Lichukue", "chukua". "Mpe", "pa". Nikalala usingizi mzuri.

Asubuhi ile ya lilipe deni nilifanya kosa ambalo huwa nawakataza wengine: nikaanza kubadilisha vitu kabla ya kujua kilichoharibika. Nikahamisha sehemu ya deni, nikaandika upya mazungumzo ya muuza kuku, nikaongeza "lilipe" kwenye kamusi kama kitenzi kinachojitegemea. Hiyo ya mwisho ilifanya kazi, na ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu ingeziba shimo moja na kuniachia mengine yote wazi. Nikaifuta.

Hitilafu inayoiangusha programu ni rafiki. Inakuandikia ukurasa mzima wa malalamiko, unausoma kutoka chini kwenda juu, na mstari wa mwisho unakutajia jina la kosa. Nilipoandika "Njeru" kwa herufi kubwa sehemu moja na "njeru" kwa herufi ndogo sehemu nyingine, programu ilikufa papo hapo ikilia KeyError: 'Njeru'. Dakika mbili nimemaliza. Lakini mchezo uliojibu "Unampa nani?" haukufa. Ulijibu kwa adabu, tena swali lenye maana, ila si kwa kile ulichoambiwa. Hitilafu ya namna hii haina ukurasa wa malalamiko, unaifuata kwa miguu.

Nikaanza upya kwa utaratibu. Kwanza, je, naweza kuirudia? Nikaandika lilipe deni nikiwa Busia, mwanzo kabisa wa mchezo, mahali pasipo na deni wala kuku. "Unampa nani?" Vizuri sana: Namawojjolo haihusiki, deni halihusiki, muuzaji hahusiki. Robo tatu ya programu nimeiondoa kwenye tuhuma kwa amri moja. Halafu nikaita kipande cha shina peke yake, nje ya mchezo (print huonyesha jibu kwenye skrini, repr huliweka ndani ya alama za nukuu):

    print(repr(shina("lilipe")))

Kikajibu 'pa'.

Sasa ilikuwa wazi kwa nini mchezo unauliza unampa nani. Kitenzi cha kutoa kimo kwenye kamusi kama "pa", kwa ajili ya watu wanaoandika "mpe konda nauli". Lakini "lilipe" ukitoa "li" unabaki na "lipe". Ile "li" ya pili ilikwenda wapi?

Nilimwita mpwa wangu nikamsomea mstari kwa mstari, kwa sauti. Si kwamba anajua Python. Ni kwamba ukimsomea mtu huwezi kuruka mstari unaouamini, na mimi ule wa lstrip nilikuwa nauamini sana. "Hapa inaondoa 'li' mwanzoni," nikasema. Akauliza, "Inaondoa mara ngapi?"

Sikuwa na jibu, nikafungua maelezo ya Python. Kumbe lstrip haiondoi kiambishi. Unachoipa kwenye mabano haikisomi kama neno, inakiona kama mfuko wa herufi. Ukiipa "li", umeiambia: kila herufi ya mwanzoni iliyo l au i, kwa mpangilio wowote, itupe, na usisimame mpaka ukutane na herufi nyingine. Basi ikatembea juu ya "lilipe": l, imo mfukoni, tupa. i, tupa. l, tupa. i, tupa. p haimo, simama. Imebaki "pe", nami mwenyewe nikaigeuza "pa".

Majaribio yangu ya usiku yote yalipita kwa bahati tu. "Fungue", "some" na "chukue" hakuna linaloanza kwa herufi iliyo ndani ya kiambishi chake. Nilipojaribu "kikate kitambaa" nikapata "ata". "Yaache maji" ikatoa "cha".

Dawa ni removeprefix, iliyokuja na Python 3.9 mwaka 2020. Hiyo huondoa kiambishi kizima, mara moja, basi. Nilibadilisha neno moja katika mstari mmoja baada ya asubuhi nzima. "Lilipe" ikatoa "lipa", muuza kuku akapata shilingi zake, taksi ikaondoka.

Jambo moja lilinikera zaidi ya hitilafu yenyewe. Ule ukaguzi wa juu, wa kuangalia kama neno limo tayari kwenye kamusi, haukuwepo mwanzoni. Niliuongeza wiki moja kabla, baada ya mchezaji kukutana na nyani Mabira, akaandika "kimbia", na mchezo ukasema hauelewi "mbia". Nikaziba, nikajipongeza. Lakini bila kiraka hicho hata "lipa deni" ya kawaida ingeharibika siku hiyohiyo, kwa kuwa nayo inaanza na "li", na ningeliona tatizo zima mapema. Kiraka cha kwanza kiliificha hitilafu ya pili. Sijui ningefanyaje tofauti. Labda ningejaribu maneno kumi badala ya moja kabla ya kufunga kompyuta.

Kuhusu ile repr hapo juu. Nilipoweka mchezo mtandaoni watu waucheze kwa simu, kijana mmoja wa boda pale steji yetu alilalamika kwamba "nenda" haifanyi kazi. Kwangu inafanya. Nikaomba simu yake, nikatazama: ameandika Nenda, sawasawa. Kumbe kibodi ya simu inaanza sentensi kwa herufi kubwa, na ukigusa neno inalolipendekeza, inakuongezea nafasi mwishoni. Ukichapisha kwa print pekee, nafasi hiyo huioni. Kwa repr unaona 'Nenda ' na alama ya kufunga imekaa mbali kidogo na herufi a. Tangu siku hiyo kila kinachoandikwa na mchezaji kinapita kwanza kwenye strip(), inayoondoa nafasi za pembeni, na lower(), inayogeuza herufi kubwa kuwa ndogo, na kila ninapochungulia neno natumia repr. Ipo pia breakpoint(), inayosimamisha programu katikati ili uichungulie tumboni. Ni nzuri, ila kwa mchezo mdogo kama huu naona print inatosha.

Hitilafu nyingine niliyoipenda ni ya "tupa vyote". Mchezaji ana tochi, panga, kitambulisho na mukene. Anaamuru vyote vitupwe, na mkobani vinabaki panga na mukene. Kila mara, hivyo viwili. Msimbo wenyewe ukiutazama hauna kosa:

    for kitu in mkoba:
        mkoba.remove(kitu)

Nilichukua vifuniko vinne vya soda nikavipanga mezani, kidole changu kikawa Python. Kidole juu ya cha kwanza, tochi: ondoa. Vilivyobaki vinasogea kushoto kujaza pengo, kwa hiyo panga sasa limekaa nafasi ya kwanza. Kidole hakijui habari hiyo, kinakwenda nafasi ya pili kama kilivyopanga, na hapo kiko kitambulisho: ondoa. Vinasogea tena. Kidole kinatafuta nafasi ya tatu, hakuna kitu, kazi imekwisha. Panga na mukene hawakuguswa kamwe. Ukiandika for kitu in list(mkoba), unatembea juu ya nakala huku ukiondoa kwenye mkoba halisi, na vifuniko vyote vinne vinaondoka mezani.

Bado iko moja sijaimaliza. Kitenzi "kula" kina tabia yake: mtu akiambiwa ale chakula anaweza kuambiwa "kile". Nikaingiza "la" kwenye kamusi ili "kile chakula" ieleweke, na ikaeleweka. Lakini "kile" ni neno la kuonyesha pia, na yule kijana wa boda huanza na kitu kisha ndipo anataja kitendo. Juzi alifika Lugazi, akaona kisu chini, akaandika:

    kile kisu chukua

Mchezo ukamjibu: "Huwezi kula kisu."

Akanipigia simu kuuliza ni nani aliyeuambia kwamba ana njaa.