Kijani Kugeuka Kahawia Si Ushahidi wa Miti Kukatwa

Mtu akionyeshwa picha mbili za setilaiti za Nairobi, moja ya kijani na nyingine ya kahawia, husema papo hapo: miti imekatwa. Si lazima. Mbuga ya Nairobi hupendeza kwa kijani mwezi Mei, masika yanapoelekea kuisha. Ifikapo Septemba nyasi zimekauka, na hakuna aliyeshika shoka. Ndiyo maana wachora ramani hulinganisha picha za msimu uleule katika miaka tofauti. Pia hupima mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni: majani mabichi huuakisi kwa wingi huku yakifyonza mwekundu.

Kosa ninaloliona zito zaidi ni kudhani setilaiti huona kila kitu. Pikseli moja, yaani kitone kimoja cha picha, ya setilaiti za Landsat za Marekani ni mita 30 kwa 30, karibu ploti mbili za futi 50 kwa 100! Nyumba ya mabati, migomba na uwanja wa vumbi huchanganyika kuwa rangi moja, kisha kompyuta huipa jina moja la aina ya ardhi. Kule Ruai, mashariki mwa Nairobi, shamba lililolimwa tu laweza kuhesabiwa kuwa limejengwa. Lazima mtu aende na jipiesi (GPS, kifaa cha kuonyesha mahali ulipo), asimame pale, akague kwa macho.