RNA polimerasi ni nini?

RNA polimerasi ni kimeng'enya kinachosoma jeni kwenye DNA na kutengeneza nakala yake ya RNA. Kazi hiyo huitwa unukuzi. Jeni isiponukuliwa, seli haiwezi kutengeneza protini yake hata kama DNA ni nzima kabisa.

Kwa umbo kinafanana na gando la kaa lililofumbata DNA. Ndani kabisa ya mwanya wake mna ayoni mbili za magnesiamu, na hapo ndipo nyukleotidi, yaani vijenzi vya RNA, huungwa moja baada ya nyingine. Nyuzi mbili za DNA huachanishwa kwa jozi 12 hadi 14 hivi za nyukleotidi, ambazo huandikwa kwa herufi A, T, G na C (kwenye RNA, U huchukua nafasi ya T), na uzi mmoja hutumika kama kiolezo: penye G huwekwa C, penye C huwekwa G, penye T huwekwa A, na penye A huwekwa U. RNA changa hushikana na kiolezo kwa jozi 8 au 9 tu, kisha hutokea upande wa pili huku DNA ikijifunga tena nyuma yake. Tofauti na DNA polimerasi, kimeng'enya kinachonakili DNA yenyewe, kimeng'enya hiki hakihitaji kipande cha kuanzia. Hukosea mara nyingi zaidi pia, lakini RNA haikai sana, kwa hiyo kosa halirithiwi.

Sehemu ngumu ni kuanza. Kwa bakteria, sehemu tano za msingi (alfa mbili, beta, beta prime na omega) haziwezi zenyewe kutambua jeni inaanzia wapi. Zinahitaji sigma, protini inayotambua promota, yaani mfuatano kama TATAAT ulio takriban jozi 10 kabla ya mwanzo. Hata baada ya kufika hapo, kimeng'enya hutengeneza vipande vifupi na kuvitupa mara kadhaa kabla ya kung'oka na kuendelea na safari.

Seli zetu zimegawanya kazi. Polimerasi I hutengeneza RNA kubwa za ribosomu (mitambo ya kutengeneza protini), III hutengeneza tRNA (zinazobeba asidi amino hadi kwenye ribosomu) na RNA nyingine ndogo, na II, yenye sehemu 12, hunukuu jeni za protini. Umbo la hiyo II, iliyotolewa kwenye hamira, lilichorwa na kundi la Roger Kornberg mwaka 2001. Mwaka 2006 akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Tofauti kati ya polimerasi ya bakteria na zetu ina faida kubwa hospitalini. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hujibana kwenye sehemu ya beta na kuziba njia ya RNA, ambayo hukwama ikiwa na nyukleotidi 2 au 3 tu. Polimerasi za binadamu haziguswi na dozi hiyo. Bakteria huwa sugu jeni ya beta, rpoB, inapobadilika, na mabadiliko mengi ya aina hiyo hutokea kwenye kipande cha jozi 81 tu, kwa hiyo vipimo vya haraka vya usugu hukagua kipande hicho.