Waya wa kusafishia chimni: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Huku Njombe baridi ya mwezi wa sita ikishaingia, wenye chimni (bomba la kutolea moshi nyumbani) wanakoka moto mpaka usiku wa manane, na kuni zenyewe ni paina na miwati, sasa masizi yakijaa mtu anajitengenezea mtambo wake, brashi katikati, waya mmoja unavuta juu mwingine chini, puli (kigurudumu cha kupitishia waya) kule juu kwenye mdomo wa chimni. Wazo zuri sana, ila watu wanakosea kwenye waya.

Eti ukiwa mnene ndio unadumu. Hapana jamani. Brashi na kizito chake hazifiki hata kilo 10, waya wa milimita 4 unabeba mamia ya kilo kabla haujakatika, kwahiyo uzito sio shida, kinachoua waya ni kukunjwakunjwa kwenye puli ndogo mpaka nyuzi zinachoka zinakatika moja moja, na mnene ndio unaumia zaidi. Dukani angalia ncha yake uhesabu: wenye misokoto 7, kila msokoto nyuzi 19, ni laini na unapinda vizuri. Ule wa nyuzi 19 nene zilizosokotwa pamoja ni mgumu, huo wa kushikiza nguzo. Na puli iwe kubwa.

Wengine wanasema waya wa klachi ya pikipiki unatosha. Ni mfupi mno, utaunga, na pale kwenye kiungo ndipo utakapokwama.

Halafu hili la "umepakwa zinki, haushiki kutu". Masizi ya kuni yakikutana na unyevu yanatoa asidi, inakula zinki halafu chuma, msimu mmoja tu ukiuacha ndani ya bomba utaona. Chukua stenlesi, chuma kile kisichoshika kutu kirahisi. Tena usiikatae kwa sababu sumaku imeishika kidogo, stenlesi ikishavutwa kuwa nyuzi inashikashika sumaku, ni kawaida, mimi mwenyewe niliwahi kurudisha waya mzuri dukani kwa kutojua hilo. Wenye ganda la plastiki usiununue kabisa, joto linayeyusha ganda, na unyevu ukiingia chini yake kutu huioni mpaka siku ukatike.

Kufunga kitanzi: zile klipu zenye umbo la U, upande wa U ukae kwenye mkia (ile ncha fupi iliyorudishwa), tandiko, yaani kile kipande cha chini chenye mfuo, likae kwenye waya unaobeba. Wengi wanageuza, waya unabanwa unapondeka. Weka tatu.

Ukimaliza kusafisha toa waya nje. Na kama chimni imewahi kushika moto waya ukiwa ndani, utupe hata kama kwa macho ni mzima, maana moto wa masizi unapita nyuzijoto 1000 na chuma hakibaki na nguvu yake.